Neli imekatika lini hasa?

Usiku umeenda na mi bado nimekaa na hii neli (mrija) ya faibaglasi mkononi, naimulika kwa tochi ya simu kama mtu anayekagua yai. Ukiitazama hivihivi ni nzima kabisa. Haijapasuka wala kuvimba, ungenipa jana ningesema ndo kwanza imetoka kwenye kalibu yake. Ila ukiweka taa kwa ndani unaziona: vimistari vyembamba vimeizunguka kama pete, vingi mno, na vimepangana kwa nafasi zinazokaribiana utadhani kuna mtu alivichora kwa rula.

Kwa wasiojua ninachofanya siku nzima, kazi yangu ni kuchosha vitu. Neli inafungwa kwenye mashine, inavutwa na kuachiwa, inavutwa na kuachiwa, na wakati huohuo inanyongwa kama mtu anayekamua nguo, mara laki na zaidi, kwa mzigo mdogo ambao ukiuweka mara moja tu hakuna kitu kitatokea. Watu huuliza kwa nini neli na sio kipande bapa ambacho ni rahisi kutengeneza. Kwanza kipande bapa huwezi kukivuta na kukinyonga ukapata majibu safi, alafu kina kingo zilizokatwa, na matabaka hupenda kuanza kubanduka palepale kwenye kingo. Neli haina kingo hizo pembeni, imejifunga yenyewe.

Hii yangu ina kitambaa ndani na nje, na katikati tabaka la nyuzi zilizozungushwa kama uzi kwenye kibiringo. Hilo la katikati ndo lenye shida. Ukivuta neli kwa urefu, nyuzi hizo hazisaidii kitu maana zimelala kukatisha mvuto, kwahiyo resini, ile gundi iliyoganda kati yao, ndo inabeba, inataka kufunguka. Ukiinyonga, resini ileile inataka kuteleza, upande huu uende huku na ule uende kule. Ukifanya yote mawili kwa pamoja ndo unaelewa kwamba kujua uvumilivu wake kwa kuvutwa peke yake, na kwa kunyongwa peke yake, hakukwambii mengi. Nilikuwa nadhani nikiongeza msokoto kidogo tu maisha yatapungua kidogo tu. Wapi! Pete za kwanza, yani hizo nyufa za resini, zimetokea mapema sana, nikadhani nimekosea kuseti mashine, nikarudia, ikawa vilevile.

(Na kukosea nimewahi. Kuna siku niliongeza kasi ya mashine ili niwahi kulala, asubuhi nagusa neli ni ya moto, resini imejichemsha yenyewe, data yote ikaenda kapuni. Siku hizi sivuki hezi chache, yani mivuto michache kwa sekunde, acha ichukue siku nyingi.)

Kinachoninyima usingizi leo ni ile kanuni ya Palmgren ya kuhesabu uchovu wa vitu, ya mwaka 1924, ambayo Miner aliipa umaarufu mwaka 1945. Yani ni haba na haba hujaza kibaba: kila mzunguko, yani kuvutwa na kuachiwa mara moja, unakula kipande cha maisha, ukijumlisha vipande vikafika moja, kitu kimekwisha. Kwa hesabu hiyo haijalishi mzigo mkubwa umetangulia au mdogo, haba ni haba. Ila hii neli haijazwi hivo. Ukakamavu wake, yani inavyokataa kuvutika, ulishuka haraka mwanzoni pete zilipokuwa zinatokea, kisha ukatulia, grafu ikalala karibu bapa kwa muda mrefu sana mpaka nikaacha kuiangalia, maana pete zikishakaribiana hakuna tena nafasi ya pete mpya, uharibifu unahamia kwingine, matabaka yanaanza kuachana kimyakimya kuanzia kwenye ncha za nyufa, na nyuzi zenyewe zinakuja kukatika mwishoni kabisa, hapo ndo grafu inaporomoka. Kwahiyo haba ya asubuhi na haba ya jioni sio haba moja, na kibaba chenyewe kinabadilika umbo huku unakijaza.

Sasa kuna fomu ya kujaza, na kuna kisanduku kimoja tu: imekatika kwenye mzunguko wa ngapi. Kama ingekuwa bomba la kupitisha maji yenye presha, ningeandika siku ambayo nyufa zilikutana toka tabaka la ndani mpaka la nje na jasho likaanza kutoka, maana bomba linalovuja halina kazi hata kama lina nguvu. Kama ingekuwa shafti ya gari, ningeandika siku ilipolegea ikaanza kujinyonga kuliko inavyotakiwa. Hii ya kwangu sio bomba wala shafti, ni neli tu.

Nimeandika namba ya pete ya kwanza, kwa penseli. Pembeni nimeandika ile ya ukakamavu uliposhuka kwa asilimia 20. Kisanduku hakitoshi namba mbili kwahiyo ya pili imetokea nje ya mstari, najua kesho nitaulizwa. Neli nairudisha kwenye mashine sasa hivi, kwa hezi zilezile.