Nilivyompeleka Mama Nchi Takatifu bila kumchosha

Ratiba ya kwanza tuliyopewa na mwandaaji wa safari ilikuwa ya mbio. Asubuhi Bethlehemu, mchana Mlima wa Mizeituni, jioni Ukuta wa Magharibi, kesho yake basi la Galilaya kabla ya jua kuchomoza. Mama yangu ameshavuka sabini na magoti yanamsumbua. Kwa mwendo ule angerudi Bukoba hajaona kitu zaidi ya mgongo wa aliyemtangulia. Nikazungumza na kiongozi wa msafara mapema, tukiwa bado nyumbani: siku nyingine mtuache nyuma, tutawakuta hotelini. Akakubali. Mimi na Mama tukachagua sehemu chache, na tukapatana kwamba kila tutakapofika tutakaa kwanza, nimsomee kifungu chake, ndipo tutembee. Kigoda cha kukunja nilikibeba mimi. (Tulikwenda kabla ya vita vilivyoanza Oktoba 2023, anayepanga leo aanze kwa kuulizia hali ya usalama.)

Sehemu niliyomtakia Mama kuliko zote ni Kanisa la Mtakatifu Ana, Yerusalemu, ndani kidogo ya Lango la Simba. Sisi ni watu wa Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki. Yeye alibatizwa nao, akasomeshwa na masista wao. Kanisa hilo lilijengwa na Wapiganaji wa Msalaba, Wakristo wa Ulaya waliokuja kuiteka Yerusalemu, karne ya 12; Salahadini, sultani Mwislamu aliyeuteka mji baada yao, akaligeuza madrasa, na maandishi ya Kiarabu ya mwaka 1192 yako juu ya mlango hadi leo. Mwaka 1856 Sultani wa Uturuki aliwapa Wafaransa, nao mwaka 1878 wakalikabidhi kwa Mapadri Weupe wa Askofu Mkuu Lavigerie, mwanzilishi wao. Mwaka huohuo ndipo msafara wao wa kwanza ulipopita Bagamoyo kuelekea Maziwa Makuu. Nilipomweleza Mama hayo alisimama mlangoni, akasema, "Kumbe hawa walikuwa na kwao huku pia."

Ndani hakuna mapambo ya kukushangaza. Sifa yake ni sauti. Ukiimba noti moja, kuta zinaishika na kuirudisha ikiwa imenenepa. Kundi lililotutangulia liliimba likatoka, Mama akabaki ameketi. Kisha akaanza taratibu wimbo wa Kilatini aliofundishwa utotoni, wakati misa bado ni ya Kilatini. Mama haimbi vizuri, na anajua. Lakini mle ndani aliimba vizuri.

Uani, hatua chache tu kutoka kanisani, kuna Birika la Bethzatha la Yohana 5. Yohana anasema lilikuwa na matao matano, na wapo wasomi walioona hiyo ni lugha ya mafumbo, kwani birika la pembe tano nani alishaliona? Wachimbaji walipofukua walikuta mabirika mawili makubwa yaliyotenganishwa na ukuta mpana. Pande nne za nje na ukuta wa katikati: tano. Ukichungulia chini utaona kina kinazidi mita 10, na juu yake magofu ya makanisa yamepandiana, la Wabizanti chini ya la Wapiganaji wa Msalaba. Nilimsomea habari ya yule mgonjwa wa miaka 38 aliyekosa mtu wa kumtia majini. Mama akauliza, "Miaka yote hiyo hakuwa na hata ndugu?" Nikakosa jibu. Tukakaa pale hadi jua likatuhamisha.

Sikutaka kumdanganya kwamba kila jiwe ni la wakati wa Yesu. Njia ya Msalaba wanayopita mahujaji leo, yenye vituo 14 katikati ya maduka ya viungo na fulana, ilipata sura yake karne nyingi baadaye. Nikamwambia. "Mwanangu, mimi nasali, sipimi barabara," akanijibu. Basi tukaipita Ijumaa alasiri nyuma ya Wafransisko, ambao huiongoza kila wiki, na yeye akasali vituo vyake vyote.

Kaburi Takatifu, kanisa linalofunika Golgotha na kaburi la Yesu, tulikwenda alfajiri, na hili ningemwambia yeyote mwenye mzee: nenda giza likiwapo. Mchana foleni ya kuingia kaburini ni ya kusimama saa nyingi. Ufunguo wa kanisa hutunzwa na familia ya Joudeh na mlango hufunguliwa na familia ya Nuseibeh, zote za Waislamu, maana Wakristo wa madhehebu 6 wanaogawana jengo hawaaminiani kiasi hicho. Juu ya mlango kuna ngazi fupi ya mbao iliyoachwa dirishani toka karne ya 18 kwa kuwa hakuna mwenye ruhusa ya kuiondoa. Mama alicheka sana, akakumbuka mgogoro wa shamba fulani kwetu.

Wengi huuliza: Golgotha itakuwaje katikati ya mji, na Biblia inasema nje ya lango? Jibu ni kwamba ukuta uliozingira eneo hilo ulijengwa miaka kadhaa baada ya Yesu, wakati wa Herode Agripa. Na nyuma ya kaburi lenyewe, kwenye kikanisa cheusi cha Wasiria, kuna tundu ukutani. Washa tochi ya simu, inama: utaona vishimo virefu vilivyochongwa mwambani, saizi ya maiti. Ni makaburi ya Wayahudi ya karne ile, na Wayahudi hawakuzika ndani ya mji. Hapo ndipo mimi niliamini, zaidi ya penye marumaru na taa. Kaisari Konstantino alijenga kanisa lake hapo, likatabarukiwa mwaka 335. Khalifa al-Hakim alilibomoa mwaka 1009, na sehemu kubwa unayoiona sasa ni ya Wapiganaji wa Msalaba.

Ngazi za kupanda Golgotha zina mwinuko mkali na mawe yanateleza. Mama alipanda akishika reli, mguu mmoja mmoja, hakuna wa kumsukuma kwa saa ile.

Bethlehemu magoti hayakuwa tatizo, tatizo ni mgongo: mlango wa Kanisa la Kuzaliwa Yesu una kimo cha mita 1.2 hivi, kila mtu anainama. Foleni ya kushuka kwenye pango lenye nyota ya pembe 14 ilipokuwa ndefu, nilimketisha chini ya kanisa jirani la Mtakatifu Katarina, kwenye mapango ambako inasemekana Mtakatifu Jeromu alitafsiri Biblia kwa Kilatini. Pametulia.

Handaki la Hezekia, njia ya maji ya kale iliyochongwa chini ya Yerusalemu, nililipita peke yangu, mita 533, maji yakinifika mapajani. Katikati alama za sululu zinageuka: hapo ndipo wachimbaji wa pande mbili walipokutana, kazi inayotajwa 2 Wafalme 20:20.

Mto Yordani tulikwenda Qasr al-Yahud, panapoaminika Yesu alibatizwa, si Yardenit yenye maduka kule kaskazini. Mama aliuangalia ule mto mwembamba wa maji ya tope, upande wa pili nchi ya Jordan karibu kabisa, akasema, "Ndio huu? Kagera ingeumeza." Nikamfungulia 2 Wafalme 5, Naamani akilalamika kwamba mito ya Dameski ni bora kuliko maji yote ya Israeli. "Basi siko peke yangu," akasema, akavua viatu. Ngazi za mbao pale zina reli pande zote, na kuingia ni rahisi; kutoka ndipo utahitaji watu wawili, maana kanzu ya kuingilia majini ikilowa ni nzito.