Kunasa madini mazito kwenye maji siyo kazi, kazi iko baada ya hapo

Nianze na hili maana nakutana nalo kila mara: maji yenye risasi (ile metali, siyo ya bunduki) au aseniki ukiyachemsha hujafanya kitu. Moto unaua vijidudu, risasi haifi. Tena maji yakipungua kwenye sufuria madini yanabaki yote, kwa hiyo yale maji yaliyobaki yana sumu kali kuliko ulivyoanza. Na huwezi kuyajua kwa macho wala kwa ulimi, yanaweza kuwa yanang'aa kabisa na ladha iko poa tu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita kwa aseniki, risasi nayo hivyohivyo, na mikrogramu moja ni gramu igawe mara milioni. Yaani tunahangaika na kitu kidogo mno ndani ya maji mengi mno, hapo ndo shida ilipo na hapo ndo nano inapoingia, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho.

Siri yake ni uso. Madini kama haya hayanyweki ndani ya chembe, yanajishika pale juu kwenye uso wake, sasa ukitaka kunasa mengi unatakiwa uwe na uso mkubwa. Chukua kipande cha sentimita 1 kila upande, uso wake wote ni sentimita za mraba 6 tu. Kikate hadi kila kijipande kiwe nanomita 1 kila upande (nanomita ni milimita igawe mara milioni), uzito ni uleule, hujaongeza kitu, ila uso sasa umefika mita za mraba 6,000. Mimi hiyo hesabu hadi leo inanisisimua.

Halafu kila metali ina kitu inachokipenda. Zebaki na salfa hazitenganishiki kirahisi, ndo maana watafiti wanachukua silika (kitu kilekile cha mchanga) yenye vitundu vidogovidogo na kuipachika salfa kwenye kuta zake. Kromiamu sita (namba inaonyesha imepungukiwa elektroni ngapi), ile hatari inayoyeyuka kwenye maji, inakutana na chembe za nano za chuma, chuma kinaipa elektroni, inageuka kromiamu tatu ambayo sumu yake ni ndogo zaidi na inatuama chini. Aseniki yenyewe inang'ang'ania kutu, oksidi ya chuma ya kawaida kabisa. Lakini kuna mtego hapo ambao wengi wanauruka: aseniki tatu kwenye maji ya kawaida haina chaji, inapita kwenye vichujio vingi hivihivi, inabidi kwanza uioksidishe, yaani uinyang'anye elektroni, iwe aseniki tano ndo inashikika vizuri.

Kazi ninayoipenda kuliko zote kwenye eneo hili ni ya timu ya Vicki Colvin pale Rice University, Marekani, mwaka 2006. Walitumia magnetaiti, aina ya oksidi ya chuma, chembe za kama nanomita 12, zinashika aseniki halafu zinavutwa na sumaku. Kama hujawahi kuona chembe za namna hii zinavyovutwa, ni hivi: kichupa kina maji ya kahawia, karibu meusi, unaweka sumaku ubavuni, mara rangi inaanza kusogea upande mmoja taratibu, inajikusanya kama doa jeusi nyuma ya kioo palipo na sumaku na maji yanabaki meupe. Unamwaga maji, doa linabaki. Uzuri wake ni kwamba hawakuishia kwenye kunasa, walifikiria na kuzitoa, maana chembe za nano zikibaki kwenye maji ya kunywa umeongeza tatizo lingine juu ya lile la kwanza.

Njia nyingine ni kuzifunga kabisa zisitoke. T. Pradeep na wenzake wa IIT Madras, chuo cha teknolojia kule India, walitengeneza chembe za oksidi ya chuma zikiwa zimeshikwa na kitosani, kitu kinachotengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa, ikawa punje unazoweza kuziweka kwenye kichujio na maji yakapita katikati. Hii pia inasaidia zisigandamane, kwa sababu chembe za nano zikiachwa huru zinapenda kushikana, na zikishikana ule uso wote niliousifia unapotea.

Sasa kinachoniudhi ni maandiko yanayosema wameondoa asilimia 99, ukisoma vizuri ni maji safi ya maabara yaliyotiwa risasi peke yake. Maji ya kisima yana kalsiamu, yana silika, yana fosfeti, na fosfeti inagombania nafasi ileile na aseniki. pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, nayo ikibadilika kidogo kila kitu kinabadilika.

Na hata ikifanya kazi, sumu haijaangamia, imehama tu. Ukiosha kichujio kwa asidi au magadi makali ili ukitumie tena unabaki na kimiminika kidogo chenye sumu kali sana. Ukiitupa ile kutu yenye aseniki kwenye dampo, kule chini kusiko na oksijeni bakteria wanaiyeyusha na aseniki inarudi kwenye maji ya ardhini. Ndo maana mtu akinionyesha nanomateriali mpya siku hizi simuulizi inanasa kiasi gani, namuuliza kwanza kichujio kikijaa kinapelekwa wapi, na nani anakibeba.