Mama amekula omena (dagaa) leo

Tumerudi kutoka kliniki saa kumi, vumbi la Kondele, hapa Kisumu, bado liko miguuni.

Wanaomjua Mama wanajua: ana Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi. Mikono inacheza yenyewe. Babu alikuwa hivyo hivyo, na kijijini wakasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko.

Lakini tangu Krismasi alishikilia kwamba tunamtilia sumu. Alikubali ndizi tu, kwa sababu anamenya mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita daktari alimwanzishia olanzapini, kidonge kimoja kidogo usiku. Alituambia wazi: haiponyi Huntington, inatuliza hayo mawazo tu. Huwa inanenepesha, na kwa mtu anayekonda hivi, heri. Tuchunge usingizi na mwili kukakamaa.

Jioni hii nimemwekea sahani.

Akainusa. Akanitazama muda mrefu, mimi nikajifanya natafuta chumvi.

Kisha: "Nyanya umezidisha."

Akaendelea kula!

Nimelia jikoni kama mtoto.

(Mimi nina nusu kwa nusu ya kuurithi. Sijapima. Msiniulize leo.)

Mnaouguza mtu kama huyu, akikataa kidonge usiku mnafanyaje?