Kutwa mtaani na kamera: kazi ya kupiga picha za akina mama

Ukisema unapiga picha za akina mama mitaani, wengi hudhani kazi ni kuzurura na kamera shingoni hadi umwone mtoto mzuri mgongoni mwa mama yake, ubofye, uende zako. Kubofya kwenyewe ni dakika chache katika siku nzima. Muda uliobaki unaliwa na kutembea, kusubiri, kuomba, kueleza, kukataliwa na kuandika. Kuandika ndiko kunakochosha kuliko yote, na ndiko watu wasikokujua.

Saa 11 alfajiri. Betri mbili zimejaa, kadi ya kuhifadhia picha ni tupu, lenzi imefutwa. Kisha nakagua saa ya kamera, iwe sawasawa na saa ya mahali nilipo hadi dakika. Katika picha zinazohusu hadhi ya mwanamke, saa aliyoonekana barabarani ina uzito sawa na uso wake. Baba anayesukuma kigari cha mtoto saa 4 asubuhi, siku ya kazi, mjini Stockholm ana sheria nyuma yake. Sweden ilianza likizo ya malipo kwa wazazi wote wawili mwaka 1974. Leo ni siku 480 kwa mtoto mmoja, na kila mzazi ana 90 zake ambazo hawezi kumwachia mwenzake. Marekani, sheria ya taifa ya mwaka 1993 inatoa majuma 12 yasiyo na malipo, tena si kila mwajiriwa anayeyapata. Kwa hiyo mama mwenye kichanga aliyesimama kituoni alfajiri na sare ya kazi, naye ana sheria nyuma yake. Mpiga picha asiyeijua ataandika "mama shupavu" na kupita.

Saa 12 na nusu, barabarani. Lenzi ni moja tu, milimita 28, inayoona kwa upana, kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35. Tundu la kupitisha mwanga nalifunga hadi f/8, fokasi naiweka kwa mkono kwenye mita 2, na kila kilicho kati ya mita 1.2 na mita 5 kinatoka kikali bila kamera kuhangaika. Kasi ya kufunga ni 1/500 ya sekunde. Mtu mzima anayetembea hutulia hata kwa 1/250, lakini mkono wa mtoto mchanga hauna ratiba. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naiachia kamera ipandishe yenyewe, ukomo 6400.

Lenzi ndefu ya milimita 200 nimeikataa kwa makusudi. Inamnasa mama kutoka ng'ambo ya barabara bila yeye kujua, yaani inampora nafasi ya kukataa. Tena inakata kila kilichomzunguka: mume aliyetangulia hatua kumi, binti aliyejitwika mzigo, mama mkwe aliyekaa kibarazani. Ukishawaondoa hao umebaki na uso, na uso hausemi nani mwenye kauli nyumbani. Kwa milimita 28 lazima nisimame mita mbili kutoka kwake. Ananiona, na akitaka kugeuka anageuka.

Hadi saa 3 mwanga bado uko chini na ni mlaini, ndiyo saa nzuri ya ngozi nyeusi. Tatizo la kila siku ni shuka jeupe la mtoto juu ya mgongo wa mama mweusi. Kamera ikipima shuka, uso wa mama unazama gizani. Ikipima uso, shuka linaungua, linabaki jeupe tupu. Napima uso, napunguza mwanga kama theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu), napiga faili ghafi ambayo kamera haijaichakata, na kivuli nakiinua baadaye. Upungufu huu kwa ngozi nyeusi una historia: kadi za kupimia rangi ambazo kampuni ya filamu ya Kodak ilizisambaza maabara kwa miaka mingi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, mafundi wakazipachika jina Shirley, na rangi za watu wote wengine zikapimwa kwa ngozi yake.

Na kimo pia. Mama aliyeketi ananyonyesha hapigwi ukiwa umesimama. Nachuchumaa hadi lenzi ifike usawa wa macho yake. Picha iliyopigwa kutoka juu humfanya mtu yeyote aonekane anaomba msaada, hata kama ndiye mwenye duka.

Mtoto akiwa mgongoni, sura mbili zinatazama pande mbili, hivyo nasogea ubavuni kama nyuzi 45 na kusubiri mama ageuze kichwa. Hugeuza mtoto anapojinyoosha, au mbeleko inapolegea. Hapo atainama hadi mgongo uwe kama meza, atampandisha mtoto kwa mtikiso mmoja, atatupa nguo juu yake, atazipitisha ncha chini ya makwapa na kufunga kifuani. Kwa sekunde hizo chache mtoto hana kinachomzuia ila mgongo wa mama yake. Usimwite, usimsalimie, usibofye kamera yenye kelele. Subiri fundo likazwe.

Alipobebwa mtoto panaeleza kazi ya mama. Nguo ya mgongoni huacha mikono yote miwili huru. Amauti ya Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, ni koti lenye mfuko mgongoni na kofia pana, mtoto hupata joto la mwili wa mama katika baridi kali. Bilum ya Papua New Guinea huning'inizwa kichwani, na mfuko ule ule hubeba mavuno. Rebozo ya Meksiko ni mtandio na mbeleko kwa pamoja. Picha inayomkata mama kifuani kwenda juu inapoteza habari hizi zote.

Saa 3 hadi saa 6 ni kuomba ruhusa, na hapa ndipo siku inapoanza kuwa nzito. Kisheria kila nchi ina lake. Marekani, kwa jumla, aliye mahali pa wazi anaweza kupigwa picha. Ujerumani ina sheria ya tangu 1907 inayodai idhini ya mwenye sura kabla picha haijasambazwa, ingawa ina vighairi. Kanada, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1998, katika kesi iliyotoka Quebec, kwamba msichana aliyepigwa picha akiwa ameketi ngazini alistahili fidia kwa sababu ilichapishwa bila ridhaa yake. Lakini sheria haiongei na mtu aliyekukunjia uso mtaani.

Nashusha kamera hadi kiunoni, nasalimia, nasema picha itakwenda wapi na nani ataiona. Namuuliza yeye mwenyewe kwanza, nikimtazama yeye. Kisha nanyamaza na kuangalia nani anajibu. Mara nyingine ni yeye, papo hapo, na anaongeza masharti yake. Mara nyingine mume anajibu kabla sentensi haijaisha. Mara nyingine wote wawili wanamgeukia bibi kizee aliye pembeni, na neno lake ndilo linalopita. Katika jamii nyingi mwanamke hupata nguvu kadiri umri unavyokwenda na watoto wanavyokua, kwa hiyo kuandika "hadhi ya mwanamke" bila kutaja umri wake ni kuficha nusu ya habari. Aliyejibu namwandika daftarini hapo hapo: nani, na kwa maneno gani. Ukurasa huo una thamani kuliko picha.

Usiharakishe kuhukumu, hata hivyo. Anayemtazama mumewe kabla ya kujibu huenda ana haya tu mbele ya mgeni mwenye mashine usoni. Wa namna hiyo narudi kwao baadaye, bila kamera.

Halafu kuna mkalimani. Mama anaongea dakika nzima, mikono inapaa, mara anacheka, mara anashuka sauti. Mkalimani anageuka: "Anasema sawa." Sawa ya dakika nzima! Hili hutokea zaidi mkalimani akiwa mwanamume na mazungumzo yakiwa ya uzazi, mahari au mume. Dawa yake ni mbili: mkalimani mwanamke, na kurekodi sauti kwa ruhusa ili mtu mwingine aisikilize tena.

Akikataa, picha inafutwa mbele ya macho yake. Hapa wengi hukosea bila kujua: kamera yenye nafasi mbili za kadi mara nyingi huandika nakala kwenye zote, na ukifuta moja ya pili inabaki. Futa zote mbili, mwonyeshe. Kama simu inapokea picha moja kwa moja kutoka kwenye kamera, zima njia hiyo tangu asubuhi.

Na usimuulize "wewe ndiye mama yake?", maana wengi wataitikia kwa heshima tu. Uliza mtoto ni nani wake. Jibu litakuwa shangazi, bibi, dada wa kwanza, yaya. Mpiga picha wa mitaani Vivian Maier, aliyeacha negativu zaidi ya 100,000 za mitaa ya Chicago na New York, alikuwa yaya na alitembea na watoto wa watu akiwa na kamera yake. Mpita njia angemwandika mama bila kusita.

Mchana ni jua la utosini, vivuli vyeusi machoni, maji, na miguu juu ya kiti.

Baada ya hapo, kompyuta, na ujumbe wa mhariri. Mhariri wa aina hii yuko kila mahali. Ameona picha za awali, anashukuru sana, kisha anauliza kama kuna mama mwenye huzuni zaidi. Awe peke yake. Macho yatazame kamera. Ile ambayo baba ameshika mfuko wa nepi, je, anaweza kukatwa? Maelezo chini ya picha nayo ni marefu, yapunguzwe yawe mstari mmoja. Nikimweleza kwamba mama yule alikuwa anacheka katika fremu zote isipokuwa moja, ambapo alikuwa akipiga chafya, ananijibu kwamba hiyo ya chafya "ina hisia".

Najibu kwa mfano uleule kila mara, na nimechoka nao. Machi 1936, huko Nipomo, California, mpiga picha Dorothea Lange alimpiga picha mama wa miaka 32 na watoto wake kwenye kambi ya wavunaji wa njegere, akiwa kazini kwa idara ya serikali. Hakuandika jina lake. Maelezo yake yalisema familia ilikuwa imeuza matairi ya gari ili ile. Familia ilikanusha baadaye. Picha ilikuwa mali ya umma, ikachapishwa kila mahali, na mama hakulipwa kitu. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilijulikana mwaka 1978, na ndipo wengi walipojua pia kwamba alikuwa wa kabila la Cherokee. Miaka 40 nchi nzima ilimtazama usoni bila kujua inamtazama nani.

Ndiyo maana maelezo yangu hayapungui. Anavyojitambulisha mwenyewe, uhusiano wake na mtoto, mji bila mtaa, tarehe na saa, anachofanya kwa kitenzi, nani alitoa ruhusa na kwa lugha gani. Vivumishi nafuta: shupavu, mnyonge, wa jadi. "Mke wa fulani" haingii isipokuwa amejitaja hivyo. Data ya GPS, inayoonyesha picha ilipigwa wapi, naitoa kwenye faili kabla haijaondoka kwangu, maana mtoto hana namna ya kukataa anwani yake kusambazwa.

Mtu akinyoosha mkono kutaka "mwanamke wa Kiislamu anayeonewa", aliyefunika kichwa, namkumbusha Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia. Ni Waislamu, wanawake wengi hufunika nywele, na nyumba na ardhi ya ukoo hurithiwa kupitia kwa wanawake. Kitambaa kinaonekana kwenye picha, hati ya nyumba haionekani. Upande wa pili, ziko nchi zaidi ya 20 ambako mama hawezi kumpa mtoto uraia wake kwa usawa na baba, na mama huyo anaweza kupigwa picha akiwa na suti na mkoba wa ofisini. Bila maneno chini ya picha, msomaji atabahatisha, tena atabahatisha vibaya.

Jua likishuka narudi kwenye kona ileile ya asubuhi, nasimama palepale, lenzi ileile, na kupiga fremu ileile. Nahesabu wanawake na wanaume waliomo. Ziko barabara ambazo magharibi wanawake huisha kabisa, na ziko ambazo ndipo wanapoanza kukaa nje. Giza linalazimisha kufungua tundu hadi f/2.8 na kushusha kasi hadi 1/125. Hapo fokasi ya mkono kwenye mita 2 inabana: kinachobaki kikali ni kati ya mita 1.6 na 2.5, kwa hiyo picha nyingi za saa hii zina pua kali na mtoto wa ukungu. Nyingi nazitupa. Mgongo unauma, na mkono wa kulia umebaki umekunjika kama bado umeshika kamera.

Kunakili ni lazima hata macho yakifumba: diski mbili, moja haikai nyumba moja na nyingine, na kadi hazifutwi mpaka nimefungua faili chache kwenye kila diski kuhakikisha zinasoma. Kati ya mamia ya fremu zinabaki nne, tano. Za kupelekewa wenyewe zinachapishwa sentimita 10 kwa 15, jina likiandikwa nyuma kwa penseli ili wino usipenye.

Saa 5 usiku natuma zilizochaguliwa, baba na mfuko wake wa nepi wakiwa ndani, maelezo yakiwa kamili, na sharti kwamba kimoja kikikatwa picha inarudi. Jibu halikawii. Mhariri anashukuru sana, anauliza kama ipo moja ambayo mtoto analia.