Siku moja ya kazi yangu Mugunga, kati ya mlima na ziwa

Saa 11:00 alfajiri. Kabla watoto hawajatoka kutafuta kuni, mimi hupita kwenye mashimo ya mawe ya lava hapa Mugunga, magharibi mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, kuangalia mazuku. Hii ni gesi ya kaboni dioksaidi itokayo kwenye nyufa za ardhi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutulia mabondeni usiku usio na upepo hadi jua litakapopanda. Haionekani, dalili zake ni mijusi na ndege waliokufa, au kijinga cha moto kinachozimika ghafla kikishushwa shimoni. Leo nimekuta mbuzi amekufa, na mwenye mbuzi anajiandaa kushuka kumtoa. Nimemshika mkono, maana anayeshuka kuokoa ndiye huanguka juu ya aliyetangulia. Vibao vya onyo vya mbao tuliacha kuviweka kwa sababu viliishia jikoni. Sasa tunapaka mawe rangi nyekundu.

Saa 1:00 asubuhi. Niko ufukweni mwa ziwa Kivu natia klori kwenye bidoni za lita 20, nyingine zikiwa zimepangwa juu ya chukudu, yaani baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Nawakumbusha kina mama wasubiri nusu saa kabla ya maji kunywewa. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliokuwa katika makambi ya eneo hili, na tangu hapo hakijahama kwetu.

Saa 4:00. Mkutano wa mtaa. Kila mtu anataka kuzungumzia Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ingawa kwa maoni yangu mashimo na maji ndiyo yanayotuwinda kila siku. Hata hivyo mlima una haki yake. Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, na siku chache baadaye kituo cha mafuta kikalipuka, kikaua watu waliokwenda kuchota mafuta. Kwa hiyo ninasisitiza kwamba lava ikisimama, hatari haijasimama. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka jioni bila tahadhari ya mapema, na lava ikakoma ukingoni mwa mji. Siku tano baadaye, kwa hofu kwamba magma, yaani mawe yaliyoyeyuka ardhini, ilikuwa imepenya chini ya mji, sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama, na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka, wengi wao kwa njia ya Sake ipitayo hapa kwetu. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Mama mmoja mzee amesema, “Mwanangu, rangi za tahadhari tumeshazijua, kuanzia kijani hadi nyekundu. Tuambie tukutane wapi.” Swali hilo limechukua muda wote uliobaki, wengine wakitaka uwanja wa kanisa, wengine shule. Shule imeshinda, kwa kuwa iko juu na haina mashimo ya gesi karibu.

Saa 8:00 mchana. Kijana ameuliza kuhusu gesi ya ziwani. Nimemweleza kwamba kilindini mwa Kivu kumeyeyuka kaboni dioksaidi na methani, zinazozuiwa huko na uzito wa maji. Kwamba ziwa Nyos la Kamerun lilitoa gesi yake mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Na kwamba upande wa Rwanda methani hiyo huvutwa kuzalishia umeme.

Saa 10:00 jioni. Tumetembea na wazee kutoka nyumba za chini hadi shuleni, ili tuone kama mtu anayebebwa kwenye chukudu anaweza kupita. Njia ya mkato imezibwa kwa ukuta wa mawe wenye mlango wa bati. Baba mwenye kiwanja amekataa kuuacha wazi usiku, kwa sababu ya wezi, lakini amekubali uvunjwe siku ya hatari, mradi iandikwe kwamba mtaa utamnunulia mlango mwingine. Nimeandika, na wazee wawili wametia sahihi.