Kutoka Malindi hadi Shangani kwa Miguu: Ukingo wa Bahari wa Mji Mkongwe

Wageni wengi wanaotembezwa Mji Mkongwe wa Zanzibar huanzishiwa matembezi yao Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, kisha huingizwa vichochoroni kuelekea Mkunazini na Darajani, na bandari yenyewe huiona tu siku wanayoshuka kwenye boti ya kutoka Dar es Salaam. Mimi nashauri njia nyingine. Anayetaka kuuelewa ukingo ule wa bahari, na namna ulivyokarabatiwa kipande baada ya kipande tangu miaka ya 1990, aanzie Malindi, ambako kazi ya bandari bado inaendelea, kisha ateremke polepole hadi Shangani huku bahari ikiwa mkono wake wa kulia. Si mwendo mrefu. Ni wakati wa kusimama na kutazama ndio unaohitaji kutengwa, na kwa hilo alasiri yote haitoshi.

Gati la Malindi lilijengwa na Waingereza katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo meli zilitia nanga mbali kidogo na pwani, na mizigo ikashushwa kwa mashua hadi mbele ya majumba ya wafalme, ambako ndiko ilikokuwa forodha. Kuhamishwa kwa kazi hiyo kupelekwa Malindi ndiko kulikoufanya ukingo wa mbele ya mji kuwa mahali pa kupumzikia, na kuuacha upande wa kaskazini ubakie mahali pa jasho. Hadi leo hapo utawakuta mahamali na rikwama zao, wavuvi na wachuuzi wa soko la samaki, na majahazi yaliyoegeshwa ubavu kwa ubavu yakingoja mzigo au maji kujaa. Mtu asipite hapo kwa haraka. Bila ya Malindi, majumba yote yanayofuata yanaonekana kama mapambo, ilhali yalijengwa kwa fedha iliyotokana na karafuu, pembe za ndovu na, kwa miaka mingi, biashara ya watumwa.

Hatua chache kutoka lango la bandari lipo jengo la Zahanati ya Zamani, na hapo ndipo ninapokaa zaidi kila ninapopita. Lilianzishwa na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa Ismailia aliyewahi kukodishiwa ukusanyaji wa ushuru wa forodha katika enzi ya Sultani Barghash. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, kwa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, na nia ya Topan ilikuwa kujenga hospitali. Alifariki mwaka 1891 kabla kazi haijamalizika, na jengo likakamilika mwaka 1894. Baadaye lilinunuliwa kwa ajili ya kazi za hisani, ghorofa ya chini ikawa zahanati na za juu zikawa makazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliachwa likachakaa, mpaka katika miaka ya 1990 Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ilipolifanyia ukarabati mkubwa.

Linalonivutia katika ukarabati ule ni namna ulivyofanywa. Roshani zake za mbao, zilizotobolewa nakshi ndogondogo za mtindo wa Kihindi, hazikung'olewa zikabadilishwa kwa za kiwandani. Mafundi waliondoa kipande kilichooza, wakachonga kingine cha kufanana nacho, wakakipachika mahali pake. Ukisogea karibu na nguzo za barazani unaweza kuona mahali mbao mbili za umri tofauti zilipokutana, rangi ikiwa moja lakini vinyweleo vya mbao vikienda njia mbili. Kazi hiyo ilikuwa pia darasa, kwa sababu vijana wa mjini walifundishwa humo useremala na uashi wa asili. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko jengo lenyewe, maana nyumba za Mji Mkongwe ni nyingi mno na haziwezi kungojea wafadhili.

Hapa inafaa kueleza nyumba hizi zimejengwa kwa vitu gani, kwani bila ya hilo hutaelewa yaliyotokea mbele ya safari. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, nene mara nyingi kiasi cha nusu mita au zaidi. Sakafu na dari hulala juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziwi ndefu sana, vyumba vingi vimekuwa virefu na vyembamba. Chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Mtu akija akapiga plasta ya saruji kwa nje, ukuta unaonekana umepata afya, lakini maji yanayoingia kupitia juu au chini hayana pa kutokea, na ndani jiwe linaanza kumung'unyika huku ncha za boriti zikioza. Mara moja nilimkuta fundi mzee akichanganya lipu barazani kwa mtu, nikamwuliza, "Shikamoo mzee, hii yote chokaa au umetia na saruji?" Alinijibu, "Marahaba. Saruji ni ya mwenye haraka, mwanangu. Nyumba hii nimekuja kuibandua saruji." Kisha akanionyesha ndoo ya vipande alivyovibandua, kila kimoja kimebeba nyuma yake tabaka la jiwe lililogeuka unga.

Kutoka Zahanati ya Zamani njia inafuata Mizingani. Ukuta wa bahari wa hapo ulikuwa umeliwa na mawimbi hata barabara ikaanza kutitia, na ulijengwa upya katika miaka ya 2010 chini ya mradi uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na njia pana ya waendao kwa miguu. Ni kazi isiyopigwa picha na watalii, na pengine ndiyo iliyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa kila jumba la mstari wa mbele limesimama nyuma ya ukuta huo. Hapo pia upo mtini mkubwa ambao vizazi vya mafundi wa vyombo vya baharini wamefanya kazi kivulini mwake, na ambao manahodha wa mashua za kwenda kisiwa cha Changuu hukutania na abiria wao. Nafurahi kwamba waliopanga njia mpya waliuacha mti na watu wake.

Mbele kidogo ni Forodha Kongwe, jengo la karne ya 19 lenye mlango mkubwa wa nakshi. Katika ukingo huu, watumwa walioletwa kutoka bara walitozwa ushuru kwa kichwa, sawa na bidhaa nyingine, kabla ya kupelekwa sokoni, hadi soko hilo lilipofungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Watembezaji wengi husimulia habari hiyo Mkunazini peke yake, kwenye eneo la soko la zamani, na kuiacha forodha kando. Naona ni kosa, kwa sababu ushuru ndio ulioifanya biashara ile kuwa shughuli rasmi ya dola yenye daftari na makarani. Jengo lenyewe lilipokarabatiwa lilipewa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho kimefundisha vijana wengi kupiga udi, qanuni, ngoma na fidla, na alasiri mtu akisimama chini ya dirisha husikia mwanafunzi akirudia kipande kimoja cha taarabu mara nyingi hadi kikae sawa. Jengo lililokarabatiwa halikubaliki hivi hivi kwa kuwa jeupe. Linakubalika linapopata kazi inayowaleta wenyeji kila siku.

Beit al-Sahel, kasri ya masultani iliyokuja kuwa jumba la makumbusho mwaka 1994, nitaipitia kwa ufupi. Majengo ya hapa yalipigwa mizinga na manowari za Uingereza asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyodumu chini ya saa moja baada ya Khalid bin Barghash kujitangaza kuwa sultani. Nyumba ya jirani, Beit al-Hukm, haikuinuka tena.

Jirani yake wa upande wa pili, Beit al-Ajaib, lilinusurika mizinga hiyo. Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya shughuli za sherehe: ghorofa zenye kumbi pana, nguzo za chuma zilizoletwa kutoka ng'ambo, varanda kila upande, na taa za umeme wakati mji mzima ukiwasha mafuta. Katika enzi yetu likawa makumbusho, na katika ua wake wa ndani kiliwekwa chombo cha mtepe kilichoshonwa kwa kamba kama walivyoshona wahenga, bila msumari. Mwaka 2012 sehemu ya jengo ilianguka na milango ikafungwa. Ukarabati kwa msaada wa Serikali ya Oman ulikuwa umekwisha kuanza pale, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ilipoporomoka na kuua mafundi wawili. Nimesikia watu wakilizungumzia tukio hilo kama hasara ya utalii. Walikufa watu waliokuwa kazini wakijaribu kuliokoa jumba, na kila mpango wa kulisimamisha tena uanze na kuwakumbuka wao, kisha useme wazi ni miaka mingapi ya kuvuja kwa paa ilitangulia siku ile.

Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa, haina shida ya kutafutiwa kazi: imekuwa gereza, karakana ya reli, na leo ni uwanja wa tamasha la filamu na la Sauti za Busara. Mbele yake ni bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa katika miaka ya 1930 mahali palipokuwa mabanda ya forodha, na kufanywa upya na taasisi ile ile ya Aga Khan mwaka 2009, ikapata ukuta imara, taa, mitaro na mahali maalumu pa wauza vyakula. Wakati bustani imefungwa kwa matengenezo wengi walihofu kwamba itakapofunguliwa itakuwa ya wageni peke yao. Haikuwa hivyo. Baada ya Magharibi familia kutoka Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, hutandika mikeka, watoto hula urojo na mishikaki, juisi ya miwa husagwa kwa ndimu na tangawizi, na vijana hushindana kurukia majini kutoka ukutani. Bei za baadhi ya meza hupandishwa mgeni anapokaribia, na hilo linahitaji kusimamiwa, lakini mahali pamebaki pa mji.

Shangani hali ni tofauti. Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19 lililowahi kuwa ubalozi mdogo wa Uingereza na baadaye ofisi za Serikali, limegeuzwa sehemu ya hoteli ya kifahari iliyofunguliwa mwaka 2015. Kuta zake zimepona, na wenye uwezo wa kulipia chumba wanaziona. Jengo jipya lililoongezwa ubavuni ndilo lililoifanya Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, iliyouandikisha Mji Mkongwe mwaka 2000, ieleze wasiwasi wake juu ya ukubwa wake kando ya majirani. Nakubali kwamba Serikali haina fedha za kukarabati kila jumba, na kwamba mwekezaji hutarajia faida. Hata hivyo, mkataba wowote ujao wa jengo la umma katika ukingo huu uwe na kifungu kinachoacha ua au ghorofa ya chini wazi kwa wenyeji, na kingine kinachomtaka mkodishwaji achukue wanagenzi wa uashi wa chokaa na useremala kutoka mitaa ya Malindi, Kiponda na Ng'ambo kwa muda wote wa ujenzi.