Swali la Tisa

Programu yetu ya ushauri nasaha katika makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, wilayani Kyegegwa, Uganda, ilikuwa inaelekea ukingoni, nasi washauri tukatakiwa kuwapima upya wote waliopitia vikao vya kikundi. Tulitumia PHQ-9, dodoso la sonona lililotungwa Marekani. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu ni 27. Anayefikisha 10 huhesabiwa kuwa na dalili za kufuatiliwa. Aliyeshuka chini ya hapo sisi tulimwandika "amepata nafuu", na faili lake likafungwa.

Siku hiyo nilikuwa na mama mmoja wa Kivu. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilichora maduara manne kwenye vumbi. La kwanza niliacha tupu, mengine nikayawekea kokoto moja, mbili na tatu. Mimi nikisoma, yeye anaonyesha kwa kidole. Tukaenda vizuri mpaka swali la tano, la hamu ya kula.

"Hamu niko nayo, mtoto yangu. Chakula ndiyo sina."

Mgao ulikuwa umepunguzwa. Niliandika 0, kisha pembeni nikaandika maneno yake kama alivyoyasema. Njaa haitibiwi kwa kikao, na hainipendezi kuona mtu anaongezewa alama za ugonjwa kwa sababu sufuria yake iko tupu.

Swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kwamba ni afadhali afe, au kujidhuru. Programu ilipoanza alikuwa amejibu hapana, tena upesi. Safari hii alinyamaza. Akatazama mlangoni, akaniuliza kama polisi husoma karatasi zile. Alikuwa na sababu ya kuuliza: sheria ya jinai ya Uganda ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na wengi makazini walilijua hilo. Nikamwambia kwamba kuwaza si kosa, kwamba karatasi haiendi polisi, na kwamba nikiona uhai wake uko hatarini nitamshirikisha msimamizi wangu, ila yeye mwenyewe mama nitamjulisha kwanza. Akaweka kidole kwenye duara la kokoto moja.

Nilijumlisha: 8. Mwanzoni alikuwa na 15.

Niliweka kalamu chini. Nikamuuliza waziwazi kama amefikiria atafanyaje, na nani hulala naye nyumbani. Kumuuliza mtu hivyo hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humtua mzigo, na yeye alilia kwa muda mrefu kabla ya kusema. Ndani kulikuwa na dawa ya kupulizia nyanya. Tulikubaliana ihamie kwa dada yake jioni ileile, binti yake mkubwa alale naye, na kesho yake nimsindikize kwa muuguzi wa afya ya akili.

Kwenye kikao cha tathmini nilikuta fomu ya muhtasari ina safu moja tu, ya jumla. Kwa fomu hiyo, mama yule alikuwa mmoja wa mafanikio yetu. Kweli vikao vilikuwa vimemsaidia: alikuwa analala, anakwenda shambani, anaongea na majirani. Lakini jibu lolote juu ya 0 kwenye swali la tisa linadai mazungumzo siku hiyohiyo, hata jumla iwe ndogo namna gani. Dodoso lilikuwa limefanya kazi yake sawasawa, sisi ndio tuliokuwa tunalifuta jibu lake tulipojumlisha. Nililisema hilo mbele ya wote, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko kawaida.

Mratibu alibisha kidogo kuhusu muda wa ripoti, kisha akakubali safu ya pili iongezwe. Mchana tukayatoa mafaili yaliyokwisha fungwa, tukaanza kusoma swali la tisa la kila mmoja. Mama yule hakuwa peke yake. Walioonyesha hata alama moja tuliwaandika kwenye daftari kwa ukanda na kijiji, tukagawana, na kabla ya giza wawili wetu walikuwa tayari njiani kwa bodaboda.